Mlango wa Kati

Katika shule ile ya msingi darasa la kwanza lilikuwa na vyumba viwili vilivyopakana, na kati ya vyumba hivyo palikuwa na mlango. Haukuwa mlango wa kujivunia. Zilikuwa mbao nne zilizopigiliwa misumari na mtu ambaye seremala yeyote angekana kumjua, hazina kitasa wala komeo, zimeshikiliwa chini na bawaba moja, na juu na kipande cha mpira wa gurudumu. Ukiufungua, ulikwaruza sakafu. Kwa miaka mingi ya kukwaruza ulikuwa umechimba mfuo wa nusu duara, na watoto waliojifunza maumbo waliwekwa kando ya mfuo huo wakaambiwa, huo ndio mwezi mchanga.

Upande mmoja wa mlango alifundisha mwalimu ambaye shule nzima ilimwita Bi Taratibu. Jina hilo alipewa na watoto ambao sasa wana watoto wao, kwa sababu lilikuwa neno alilolitumia kuliko mengine yote. Mtoto akikimbia, taratibu. Akilia, taratibu. Akiandika tano ikatazama nyuma, taratibu mwanangu, hata tano ina uso na kisogo. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na thelathini na minne kati ya hiyo aliitumia katika chumba kimoja, akipokea watoto wasiojua kushika kalamu na kuwakabidhi wakiwa wanajua kuandika majina yao. Hakupata kuwa mwalimu mkuu, wala hakuomba. Alijivunia kitu kimoja tu, tena kimyakimya, kama watu wa umri wake walivyofunzwa kujivunia: faili lake katika ofisi ya elimu halikuwa na barua ya onyo hata moja.

Mlango ule ulikuwa na desturi yake. Kuchoka hakukuwa sababu ya kuugonga, maana kuchoka kila mwalimu huchoka. Aliyegonga ni yule aliyefika mahali ambapo neno moja zaidi lingetoka na machozi, au na kofi. Alisogea akagonga mara mbili kwa kidole kimoja. Mwenzake wa upande wa pili hakuuliza kitu. Aliusukuma mlango, akasimama kizingitini, akavifundisha vyumba vyote viwili kwa pamoja, kichwa kikigeuka huku na huku kama cha mtu anayesalimia pande zote mbili za barabara. Aliyegonga alitoka kwa mlango wa nyuma, akaingia stoo, akakaa juu ya mabunda ya vitabu vya hesabu vya mtaala uliokwisha kufutwa. Alikaa dakika kumi, pengine kumi na tano. Akilia, alilia. Akitaka kutazama ukuta, ukuta ulikuwepo. Kisha alinawa uso kwenye ndoo iliyokuwa pale kwa kazi hiyo, akarudi, mlango ukafungwa, na jambo hilo halikutajwa tena na yeyote.

Bi Taratibu hakuianzisha desturi hiyo, aliikuta. Katika mwaka wake wa tatu kazini alizika mtoto wake wa kwanza siku ya Jumamosi, na Jumatatu alikuwa mbele ya ubao akiandika irabu. Aliandika a, e, i, na alipofika kwenye o mkono ukakataa. Jirani yake wakati huo alikuwa mwalimu mzee, mwanamume mrefu aliyepiga suruali zake pasi mpaka zikang'aa magotini, aliyefunzwa na mapadri na asiyejua kucheka ovyo. Aliona chumba cha pili kimekuwa kimya mno. Akausukuma mlango, akamtazama yule mwalimu kijana aliyesimama na chaki hewani, akamwambia, "Nenda ukakae, binti yangu. Siku utakapohitaji tena, gonga mara mbili."

Hakuhitaji tena, au hakujiruhusu kuhitaji. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kufungua. Walimu watano walipita chumba cha pili, mmoja baada ya mwingine, na wote aliwafungulia.

Wa sita alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa. Bi Taratibu alimwita Jirani, naye akamwita Mama. Mkewe alifariki akijifungua, akamwachia binti ambaye sasa alikuwa na mwaka na nusu na homa zisizokwisha. Kijana huyu alikuwa na kipaji cha kufundisha kusoma ambacho Bi Taratibu alikuwa amekiona mara mbili tu maishani. Alikuwa pia na barua mbili za onyo kwa kuchelewa, na moja kati ya hizo iliandikwa asubuhi aliyokuwa amempeleka mtoto hospitali. Kanuni ilisema ya tatu ni kusimamishwa kazi. Na kanuni hiyohiyo ilisema kwamba mwalimu anayetoka darasani wakati wa kipindi bila ruhusa ya maandishi ni mtoro, hata kama amekwenda hatua kumi. Jirani aligonga mara moja kwa juma, na majuma mengine mara tatu. Mlango ukikwaruza, alikuwa akipita kwa Bi Taratibu bila kuinua macho, na Bi Taratibu alikuwa akiendelea na somo kama mtu aliyefungua dirisha ili hewa ipite.

Mwalimu mkuu hakujua lolote kati ya haya. Ofisi yake ilitazama lango, kwa sababu wageni huingilia langoni, na madarasani alifika mara mbili kwa muhula, akiwa amefuatana na wakaguzi.

Ndipo watafiti walipokuja.

Walitanguliwa na barua. Mkuu aliwasomea walimu barua hiyo kwa sauti ya mtu anayesoma wosia ambao mrithi ni yeye. Ilisema kwamba kutafanyika utafiti mkubwa kuhusu msongo wa mawazo na ustahimilivu wa walimu wa madarasa ya chini katika shule nane, na kwamba utafiti huu hautakuwa kama mwingine, kwa maana walimu wenyewe watashirikishwa kuubuni tangu mwanzo. Maneno "tangu mwanzo" yalikuwa yamepigiwa mstari. Mtu mwenye umri hujifunza kuogopa neno lililopigiwa mstari, lakini Bi Taratibu, pamoja na umri wake wote, alifurahi. Alifikiri kwamba huenda, mwishowe, kuna mtu anayetaka kujua.

Mumewe hakufurahi wala hakuhuzunika. Alikuwa fundi cherehani aliyeacha kazi macho yalipokataa kuona tundu la sindano, na sasa alikaa barazani akifumua nguo kuukuu na kuviringisha uzi, kazi ambayo vidole vyake viliweza kuifanya bila msaada wa macho.

"Msongo wa mawazo?" alisema. "Mbona hawakuja kuniuliza mimi niliyeuoa, nikauleta nyumbani kwa miguu yangu?"

"Wewe huna msongo," mkewe akamjibu. "Wewe una ulimi."

Kiongozi wa utafiti alikuwa daktari, ila si wa sindano, wa karatasi. Alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye viatu visivyojua vumbi, na alisema "asante kwa kushiriki" kabla mtu hajashiriki. Alifuatana na msaidizi wa kike aliyebeba begi la vikaratasi vya kunata, vya manjano na vya kijani, na kalamu nene za rangi ambazo walimu wale, wanaogawana chaki kwa kuikata vipande vitatu, walizitazama kwa heshima. Kikao kilifanyika katika chumba kilichoitwa maktaba. Viti vilipangwa duara kuizunguka meza ili, kama Daktari alivyoeleza, pasiwe na mkubwa wala mdogo. Kisha mwalimu mkuu akaingia na daftari lake, akakaa kwenye duara hilo, na papo hapo kila mtu akajua duara lile linaanzia wapi.

Mkuu alisema amekuja kuwasaidia walimu kujieleza.

Walimu walikuwa watatu: Bi Taratibu, Jirani, na mwalimu wa darasa la pili aliyeitwa Redio, mwanamke mnene mwenye sauti iliyofika mahali kabla yake. Daktari aliwaomba waandike kwenye karatasi ya manjano kinachowaletea msongo, na kwenye ya kijani kinachowasaidia kustahimili. Akasema hakuna jibu sahihi wala lisilo sahihi. Akawaomba wajisikie huru. Mkuu akatikisa kichwa kukubali kwamba wajisikie huru, akafungua daftari lake, akashika kalamu.

Redio aliandika "vumbi." Jirani alikuwa ameishika karatasi ya kijani na macho yake yalikuwa yamekwenda ukutani, upande ambao, nyuma ya kuta mbili, ndiko ulikokuwa mlango. Bi Taratibu alimwona. Alimjua kuwa ni katika wale waliolelewa kujibu wanachoulizwa, na aliona kalamu inaanza kushuka. Akaupeleka mguu wake chini ya meza, akaugusa wake. Kalamu ikasimama, kisha ikaandika "kuzoea."

Na yeye mwenyewe? Alipaswa kuandika kitu, maana karatasi tupu huzaa maswali. Akatafuta neno lisilomdhuru mtu, kama mtu anavyotafuta jiwe la kukanyaga katikati ya tope. Kwenye ya kijani akaandika "subira." Kwenye ya manjano akaandika "kelele za darasa la jirani."

Ulikuwa uongo mtupu. Kelele za darasa la jirani alikuwa amezizoea kama mtu alivyozoea mapigo ya moyo wake, na siku zikikatika ndipo aliposhtuka. Lakini Daktari aliposoma karatasi ile uso ulimng'aa. Alisema hilo ni jambo muhimu mno. Vumbi ni gumu kulipima, alisema, na subira haipimiki kabisa, lakini kelele zinapimika. Alikuwa na kifaa chake. Siku hiyohiyo alikwenda na msaidizi wake mpaka darasa la kwanza, wakakishika kifaa karibu na mbao nne zile, kifaa kikaonyesha namba, na msaidizi akaziandika namba hizo kwa uangalifu ambao ungewafaa watu wanaopima dawa.

Miaka thelathini na minne Bi Taratibu alikuwa amewafundisha watoto kumtazama mwalimu usoni na kulisoma humo jibu linalotakiwa. Siku hiyo alikuwa amefanya mtihani wake mwenyewe, na alikuwa amepata alama zote.

Watafiti walirudi baada ya majuma sita. Safari hii utafiti ulikuwa umekwisha kubuniwa. Ulikuwa umechapwa, umebanwa, una jalada, na ukurasa wa tatu ulisema kwamba walimu, wakishirikishwa kikamilifu, walitaja kelele za madarasa yanayopakana kuwa chanzo kikuu cha msongo. Kwa hiyo shule nane zimepigiwa kura: nne zitajengewa ukuta wa matofali mahali penye mlango au uwazi kati ya madarasa, na nne zitaachwa zilivyo. Kabla na baada ya ukuta, walimu watajaza dodoso na kutema mate katika vichupa, kwa kuwa mate, Daktari alisema, hayadanganyi.

Hapo ndipo Redio alipompa jina lake. Tangu siku ile, Daktari huyo mpole alijulikana katika shule nane kwa jina la Daktari wa Mate, na nadhani atakwenda nalo kaburini bila kulijua.

Kulikuwa kumebaki mambo mawili ya walimu kuamua. La kwanza, watapenda kutema mate kabla ya kipindi cha kwanza au baada ya cha mwisho? La pili, jalada la dodoso liwe la bluu au la kijani? Daktari alisema mawazo yao ni ya thamani sana. Redio aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa, itakuwaje kwa asiye na mate. Daktari akamwambia kila mtu ana mate.

"Njoo siku ya ukaguzi, Daktari," Redio akasema. "Siku hiyo utaondoka na vichupa vitupu."

Mkuu aliandika kitu kwenye daftari lake. Kisha, kwa furaha aliyoshindwa kuificha, akatangaza kwamba shule yao imeangukia kwenye shule nne za kupata ukuta. Mwashi atakuja Jumatatu ijayo. Matofali mapya, saruji mpya, na kibao kidogo chenye jina la mradi. Daktari akamgeukia Bi Taratibu akamshukuru kwa jina, kwa sababu bila karatasi yake ya manjano ukuta ule usingefikiriwa.

Walipotoka, Jirani alimsubiri kwenye ukumbi mwembamba nje ya maktaba. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Mama," alisema, "sasa mimi nitagonga wapi?"

Bi Taratibu alimwambia asubiri, neno ambalo alikuwa amewaambia watoto elfu tatu na ushei, na kwa mara ya kwanza alisikia jinsi neno hilo lilivyo tupu. Maana alikuwa ameuona mtego wote. Akinyamaza, mlango utazibwa, na kijana yule atadumu muhula mmoja, pengine nusu yake, kisha siku moja atawaacha watoto ubaoni aende zake asirudi, au atampiga mtoto wa mwenziwe, na hatajisamehe. Akisema ukweli kama ulivyo, mkuu atausikia, na barua ya tatu itaandikwa kabla kengele haijagongwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, lakini hawakusema afanye nini anapokuta amemsukumia humo mtu mwingine.

Jioni hiyo alimsimulia mumewe. Mzee aliendelea kufumua upindo wa sketi, uzi ukitoka kidogo kidogo, mpaka mkewe alipomaliza.

"Mshono ukienda kombo," alisema hatimaye, "huongezi uzi juu yake. Unafumua. Na wa kufumua ni aliyeshona."

"Na faili langu?"

"Faili? Utazikwa nalo?"

Aliinuka akaenda kuosha vyombo, na aliviosha kwa nguvu kiasi kwamba mumewe alimwita akamuuliza kama sahani zile nazo zimeshirikishwa.

Kikao cha tatu kilikuwa siku ya Ijumaa, siku tatu kabla ya mwashi. Kiliitwa kikao cha kuidhinisha. Kazi ya walimu ilikuwa kutia saini fomu inayosema kwamba wameshirikishwa tangu mwanzo, kwamba wameridhia kwa hiari, na kwamba wanaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Viti vilikuwa duara. Mkuu alikuwa na daftari. Msaidizi aligawa kalamu, zile nyembamba za kawaida, kwa kuwa zile nene zilikuwa za kubunia, na kubuni kulikuwa kumekwisha.

Bi Taratibu aliinua mkono kama wanafunzi wake wanavyouinua, kiwiko kimekazwa.

"Karatasi ya manjano ilikuwa yangu," alisema. "Na niliyoandika yalikuwa uongo."

Daktari alitabasamu, akasema hakuna jibu sahihi wala lisilo sahihi.

"Lipo," akasema Bi Taratibu. "Langu halikuwa sahihi. Kelele hazinisumbui. Mlango ule mnaotaka kuuziba ndio unaonifikisha saa nane mchana. Nikizidiwa, nagonga mara mbili. Jirani ananifungulia, anayashika madarasa yote mawili, mimi naenda stoo nakaa mpaka nitakapoweza kurudi. Hivyo ndivyo ninavyostahimili. Mliuliza, nami sikuwaambia."

Aliligeuza jambo kama vazi linavyogeuzwa ndani nje. Mishono yote ilikuwa ya kweli, upande tu ndio uliobadilika. Jirani aliinua kichwa ghafla, mdomo ukafunguka, na chini ya meza mguu wa Bi Taratibu ukaufuata wake tena. Mara ya kwanza ulikuwa umemgusa tu. Safari hii ulimkanyaga, kwa kisigino, ukakaa hapohapo.

Mkuu aliweka kalamu chini. Aliuliza kama amesikia vyema: yeye, mwalimu wa miaka mingi, huliacha darasa wakati wa kipindi?

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wangu wa tatu kazini."

Na hilo, likihesabiwa kwa siku moja, halikuwa uongo.

Daktari, kwa upande wake, alikuwa amechangamka kama mtu aliyeokota kitu njiani. Alisema hiyo ni taarifa adhimu, haijapata kuandikwa popote, na akamuomba msaidizi awashe kinasa sauti. Bi Taratibu akasubiri mpaka taa nyekundu ya kinasa sauti ikawaka. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba kama ni hivyo basi wauache ukuta, na kwenye dodoso waongeze swali moja: siku unapozidiwa, nani hukufungulia?

Daktari akafunua kurasa, za mbele kisha za nyuma, kama mtu anayetafuta mfuko ambao anajua hana. Alisema swali ni zuri sana. Tatizo ni kwamba dodoso limekwisha kupita kamati ya maadili, na kuongeza hata swali moja ni kuomba kibali upya, jambo la miezi saba. Bi Taratibu akamuuliza lilipita lini. Daktari, ambaye alikuwa mtu mkweli kwa kiasi ambacho kazi yake ilimruhusu, akataja mwezi. Ulikuwa mwezi mmoja kabla ya ile barua iliyosema "tangu mwanzo."

"Nimeelewa," akasema Redio. "Umeniita nije nikuchagulie kitambaa, na nguo umekwisha kuivaa."

Na ukuta? Kura imekwisha kupigwa, Daktari alisema kwa masikitiko ya kweli, na kura ya kisayansi haibadilishwi kwa sababu ya huruma, la sivyo matokeo yataharibika. Lakini habari ya mlango haitapotea. Ataipa sura nzima katika ripoti. Ataitaja shule kwa jina, pamoja na uongozi wake, kama mfano wa mbinu ya walimu ya kutoka madarasani, iliyodumu miongo mitatu.

Aliisema sentensi hiyo kwa nia njema kabisa. Hakuona jinsi rangi ilivyomtoka mwalimu mkuu. Katika miongo hiyo mitatu, miaka minane ya mwisho ilikuwa ya uongozi wake, na ofisi ya elimu husoma ripoti, angalau mahali penye majina. Mkuu aliinuka. Alisema shule hii inathamini sana utafiti, na kwamba kwa kuzingatia ustawi wa wanafunzi, shule hii inajitoa. Daktari akaanza kueleza kuhusu idadi, nane zikiwa saba, uwiano na mengineyo. Mkuu akainua ile fomu, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, akausoma kwa sauti: wakati wowote, bila kutoa sababu. Katika karatasi zote zilizoletwa shuleni pale mwaka ule, huo ndio mstari pekee uliomfaa mtu.

Mwashi hakuja Jumatatu. Matofali yaliyokuwa yamekwisha kushushwa yalipakiwa tena yakapelekwa shule nyingine iliyokuwa na mlango wake, na walimu wake, na pengine desturi yake ambayo hakuna aliyeiuliza.

Ripoti ilitoka mwaka uliofuata. Redio alipata nakala akaileta chumba cha walimu. Ilieleza kwamba kuta zilipunguza kelele, kwamba walimu katika dodoso walisema wameridhika sana, na kwamba mate, kwa namna isiyotarajiwa, hayakuonyesha tofauti yoyote. Ilipendekeza walimu wafundishwe kuvuta pumzi. Juu ya jalada, ambalo lilikuwa la bluu, palikuwa na picha ya Bi Taratibu, aliyopigwa na msaidizi siku ya kikao cha kwanza, akiwa ameshika karatasi ya manjano, na chini yake maandishi kwamba sauti ya mwalimu ndiyo kiini cha utafiti huu. Redio alitaka kuibandika ukutani. Bi Taratibu alimwambia aiweke stoo, kwenye mabunda, kwa kuwa pale juu ya vitabu vya hesabu palikuwa pameanza kubonyea.

Lakini barua ilikuwa imetangulia ripoti kwa miezi mingi. Ilikuja siku kumi na mbili baada ya kikao kile, Jumatano, wakati watoto wakinakili irabu. Mkuu aliileta mwenyewe, akamtaka atie saini kwenye daftari la kupokelea barua, akatoka bila kuufunga mlango wa mbele. Ilikuwa na mhuri, nambari, na kichwa cha habari: onyo la kwanza, utoro ndani ya kituo cha kazi. Nakala kwenye faili.

Alikuwa amejiandaa. Alikuwa amejiambia kwamba ni karatasi tu, na kwamba miaka mitatu iliyobaki kabla ya kustaafu si mingi. Aliikunja akaiweka chini ya kifutio, akachukua chaki, akarudi ubaoni kuwaongoza watoto. Aliandika a. Aliandika e na i. Watoto tisini na wanne walikuwa wakimtazama mgongoni, kalamu tayari, na yeye akautazama mkono wake na kuona kwamba umesimama mahali palepale uliposimama siku ile, miaka ile yote iliyopita, kama kwamba ulikuwa haujashuka tangu wakati huo.

"Taratibu," alisema, na watoto walidhani anasema nao.

Akauweka chini ule mkono. Akatembea mpaka kwenye mbao nne, akasimama hapo kidogo, kwa sababu alikuwa hajui kugonga kunaanzaje. Kisha akagonga mara mbili, kwa kidole kimoja.

Upande wa pili sauti ya kusoma ilikatika. Mbao zikakwaruza kwenye mfuo wao. Jirani alisimama kizingitini na kitabu cha kusomea mkononi, akamtazama, wala hakuuliza.

"Nenda ukakae, Mama," alisema.

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Nyuma yake alimsikia akigeukia chumba kimoja, kisha cha pili, akiwaambia watoto wote kwa pamoja waandike o.